Kompyuta ya nyumbani: Windows 11 ya kuchakachua au Linux? Tubishane kwa hoja

Habari za baridi wadau wa Mbeya, Iringa na Njombe. Juzi nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa, yeye anasema kompyuta ya nyumbani bila Windows ni kumtesa mtoto, Linux (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) ni ya watu wa IT. Mimi nakataa, na nina sababu.

Dada yangu alinunua laptop used pale Mwanjelwa kwa ajili ya watoto, mkubwa yuko form four. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Core i5 kizazi cha 6, RAM 8, SSD 256, mashine yenyewe nzuri sina neno nayo. Muuzaji akamwambia ina Windows 11 orijino. Orijino ipi? Tangu Windows 11 itoke Oktoba 2021 Microsoft wanataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (kifaa cha ulinzi ndani ya kompyuta), sasa hii ya kizazi cha 6 imepitishwa njia za panya kama mzigo wa Tunduma, na leseni nayo imechakachuliwa. Niliifungua mwenyewe sebuleni kwake Uyole, naingia sehemu ya ulinzi nakuta Defender, antivirus ya Windows yenyewe, imezimwa na kuna folda zima limepewa ruhusa lisikaguliwe. Kraki (programu za kuvunja leseni) nyingi ndo zilivyo, kabla ya yote zinakuambia zima antivirus. Yaani mwizi anakuomba ufunge mbwa kwanza na wewe unafunga! Wiki tatu tu, kila flash inayochomekwa mafaili yanageuka shortcut, na mtoto keshaipeleka steshenari kuprinti notsi.

Kuna watakaosema rudisha Windows 10. Hiyo msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuinunua leo kama mfumo wa kukaa nao miaka minne ni kujidanganya.

Nikamwekea Linux Mint, moja ya aina za Linux. Faili lake kama GB 3 hivi, nikalishusha kwa bando la usiku nikaliweka kwenye flash ya GB 8, na raha yake unawasha kompyuta kutoka kwenye flash hiyo hiyo bila kufuta chochote, watoto wakajaribu Wi-Fi, YouTube, PDF za past paper, vyote vikakubali ndo nikaiweka moja kwa moja. Hailipiwi, RAM 4 inatosha, na toleo la 22 litapata masasisho mpaka 2029. Halafu hili la "watu wa IT" linaniuma kweli, maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, kwa ajili ya mwananchi wa kawaida kabisa, na LibreOffice (ya kuandikia barua na mahesabu kama Word na Excel) iliyomo kwenye Mint leo ni ya ukoo huo huo.

Shemeji ana hoja moja nzito nampa. Barua ya kikundi chao iliandikwa Word, nilipoifungua LibreOffice mistari ikasogea, sehemu ya sahihi ya mwenyekiti ikaangukia ukurasa wa pili. Na kama unaishi kwa Photoshop au Tally ya uhasibu usihangaike na Mint, jikamue ununue kizazi cha 8 kwenda juu chenye Windows ya leseni halali. Mac siigusi, bei zake mnazijua.

Kinachonichoma ni kwamba mnunuzi haambiwi ukweli. Mkulima wa viazi Uporoto analalamikia lumbesa kila msimu kwa sababu gunia analiona limevimba, ila leseni iliyochakachuliwa utaionaje kwa macho? Muuzaji aseme kabla hujatoa hela, kizazi cha ngapi na leseni ipo au haipo.

Waliowawekea watoto Mint, printa mmeziunganishaje, zimekubali zenyewe au mlihangaika? Na shemeji najua unapita hapa, njoo ujibu hilo la antivirus.