Eti nitafute shule ya usiku! Wazazi wa Kireka na Bweyogerere njooni mnisikie

Mama_Kireka
Nimetoka shuleni kwa mwanangu sasa hivi. Nimekaa kwenye kibanda cha rolex, chapati na mayai, nje ya lango, mkono unatetemeka hadi chai inamwagika. Mkubwa wa shule simtaji jina. Mnamjua. Yule wa miwani mikubwa, anayesema "sisi hapa ni familia" kila akitaka pesa.

Mkutano wa wazazi kauweka Jumatano, saa nne asubuhi. Jumatano! Mimi nina duka Kikuubo, kule sokoni Kampala jamani, saa nne ndiyo saa wateja wa Arua na Juba wanafunga mizigo. Nimefunga duka, nimepanda boda, nimekuja. Nimekalishwa kwenye kiti cha mtoto wa nasari, magoti yananigusa masikio. Nikanyoosha mkono kwa adabu zote za kulelewa na bibi, nikauliza: je, hii mikutano haiwezi kuwa jioni au Jumamosi, maana wengine tunafanya kazi?

Akashusha miwani. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasema, "Nnyabo, kama mchana huna nafasi, tafuta shule ya usiku."

SHULE. YA. USIKU.

Ukumbi mzima kicheko. Kuna baba mmoja alipiga makofi. Askari wa lango, ambaye hajatabasamu tangu shule zifunguliwe tena Januari 2022, alicheka hadi akaegemea ukuta.

Na nilikuwa nimeuliza kwa adabu!

Tena kama ni usiku, shule yao ndiyo ya usiku. Gari lao linapiga honi mlangoni kwangu saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa jirani bado anakoroma. Mtoto ni wa P2, darasa la pili! Si mtahiniwa wa PLE, ule mtihani wa kumaliza msingi, ni P2, meno ya mbele hana. Anarudi saa kumi na mbili na nusu amelala, namshusha kama gunia la posho. Halafu begi likifunguliwa: andika namba kutoka 1 hadi 500, kwa maneno. Na ndiyo kufundisha kwenyewe huko. Ukimuuliza saba na nane ni ngapi, anaanza wimbo wa darasa tangu moja na moja. Usimkatize, ukimkatiza anarudi mwanzo. Tumekula chakula kimepoa tukisubiri afike saba na nane.

Kwenye bango lao wameandika wanamweka mtoto katikati ya elimu. Katikati ya jamu ya Jinja Road ndiko mlikomweka.

Hayo yote ningemeza. Lakini mbele za watu? Na miwani alishusha kwanza, ndipo akasema. Mimi, shule ya usiku!

Mnaomjua semeni.

BabaWatatu
Pole sana mama. Lakini tuseme ukweli, hiyo ya usiku ni kali. Nimecheka nikiwa kwenye teksi, kondakta ananiangalia. Ukiipata niambie karo yake ni ngapi.

Mnubi_wa_Bombo
Namjua bila kutajwa. Wa kwetu huku ni pacha wake. Mkutano wetu unawekwa Ijumaa saa saba mchana, Waislamu tuko msikitini, halafu barua inakuja: "wazazi hawajali maendeleo ya watoto."

Mama_Kireka
@BabaWatatu sikuja hapa kuchekwa mara ya pili kwa siku moja.

Ssebo_Kimya
Subiri kidogo. Wewe ndiye uliyekaa mbele, kitenge cha kijani? Mimi ndiye niliyepiga makofi. Samahani dada, nilikuwa nasinzia, nilidhani mkutano umeisha.

Mama_Kireka
KUMBE NI WEWE

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Nimeshika chaki tangu kabla ya UPE, elimu ya msingi bure, ya 1997, hebu niseme. Mtaala wa mada ulioanza 2007 unataka mtoto wa P1 hadi P3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake, ahesabu kwa vitu anavyovijua. Shule za binafsi za mjini zimeuruka kwa sababu yenu nyinyi wazazi. Mnataka mtoto aongee Kiingereza kabla hajaota magego, na akifika P7 awe na agrigeti 4, alama ya juu kabisa, picha itoke gazetini. Wizara inapiga marufuku masomo ya likizo, nyinyi mnayalipia kwa siri. Leo mnalia gari linakuja saa kumi na moja. Matokeo ya baraza la mitihani, UNEB, yakitoka mtamhamishia kwenye shule inayomwamsha saa kumi.

BabaWatatu
Mzee tunakuheshimu, lakini hotuba peleka Kyambogo wanakosomea walimu. Hapa tunataka kusikia habari za miwani.

Mkenya_wa_Ntinda
Nyinyi mshukuru mna mtihani. Kwetu Kenya KCPE, mtihani wa kumaliza msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, sasa ni mtaala wa umilisi, mtoto apimwe kwa kazi za mikono. Dada yangu Kitale anakesha akikata maboksi kutengeneza gari la kuchezea, asubuhi mtoto alipeleke. Juzi mwalimu amempa alama za chini. Dada yangu ndiye amepewa, si mtoto. Amekataa kula.

Mnubi_wa_Bombo
Sisi baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 Kiswahili kiwe cha lazima shuleni. Wetu wametafuta mwalimu, wamekosa, kazi wamempa dereva wa gari la shule kwa sababu aliwahi kuendesha lori Mombasa. Matusi watoto wanayajua vizuri sana.

Mama_Kireka
Jamani narudi kwenye mada. Miwani ALISHUSHA. Hakukurupuka, alijipanga.

Mkongo_Katwe
Mambo ya miwani muache kwanza. Miye ninauliza kitu kimoja: mifagio inaendaka wapi? Kila muhula mtoto anapeleka mifagio mbili, rimu ya karatasi, karatasi za chooni, sukari. Pale kuna watoto mia tano. Ni mifagio elfu moja kwa muhula! Ile shule ni kubwa kuliko uwanja wa ndege wa Entebbe?

BabaWatatu
Swali zito kuliko la PLE.

Ssebo_Kimya
Mifagio inarudi sokoni, ndugu yangu. Mke wangu alifunga uzi mwekundu kwenye wetu. Muhula uliofuata akaununua tena Nakawa, uzi wake upo.

Mkenya_wa_Ntinda
😂😂 Mlinunua ufagio wenu?

Ssebo_Kimya
Na bei ilikuwa imepanda.

Mwalimu_Mstaafu_Mbale
Enzi zetu watoto walikata majani ya mifagio wenyewe, ikawa ndiyo somo la kazi za mikono.

Mnubi_wa_Bombo
Sisi tumeambiwa rimu iwe mbili muhula ujao, na mtihani bado unalipiwa karatasi. Zile rimu zinaliwa?

Mama_Kireka
Watu wazima tunazungumzia mifagio na mimi nimetukanwa.

BabaWatatu
Mama Kireka, huko Kikuubo rimu mnauza ngapi? Orodha yetu imeshatoka.

Mama_Kireka
Ukichukua katoni nzima tunaelewana. Nitumie namba pembeni. Mifagio sina.

Mkongo_Katwe
Mifagio uliza shuleni.