Salma kagongwa na tuktuk isiyo bima

Kikundi: Kwa Bibi Aziza, Shella Malindi

Salma: Assalaam alaykum jamaa. Jana baada ya Alasiri nimegongwa Barabara ya Lamu. Nilisimamisha gari watoto wa chuo wavuke, tuktuk ikanijia kwa nyuma. Mimi mzima, alhamdulillah.

Salma: [picha] [picha] [picha]

Ma'mkubwa Zuhura: Waalaykum salaam. Yallah! Shingo je? Hospitali umekwenda?

Salma: Jana usiku, Ma'mkubwa. Yauma kidogo, nimepewa dawa.

Faruk: Pole sana dada. Karatasi za hospitali usitupe hata moja.

Hamid: Huyo dereva wa steji gani? Niende sasa hivi

Ami Twalib: Hamid, tulia.

Salma: Kijana tu, Ami, alikuwa akitetemeka. Kutazama stika ya bima, imeisha wiki mbili nyuma. Akanambia tuktuk si yake, yeye kazi yake kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Tajiri nikampigia. Amenijibu, "Dada, bima sina, sasa wataka nikupe nini? Mshukuru Mungu hukuumia."

Hamid: 😡😡

Salma: Fundi wa bodi kule Maweni amelitazama: bampa, mlango wa buti, taa ya nyuma, na bodi imeingia ndani. 68,000 pamoja na rangi. Na bima yangu mimi ni thadi pati, ya kulipa wengine, si gari langu. Ndio basi tena?

Faruk: Si basi. Aliyekuharibia gari ni mdeni wako, awe na bima asiwe nayo. Bima ingemsaidia kulipa tu. Kuikosa ni kosa lake jingine juu ya lile la kwanza.

Faruk: Halafu kuna jambo watu hawalijui. Bima ya lazima, ile ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, sheria imeiweka kwa ajili ya watu: kifo na majeraha. Bati la gari la mwenzio halimo. Kampuni nyingi huongeza mali ya watu ndani ya thadi pati, lakini hilo ni la mkataba wao. Kwa hivyo hata angekuwa na stika mpya, ingebidi kwanza tusome karatasi yake.

Ma'mkubwa Zuhura: Kumbe! Na miaka yote hii twalipa.

Salma: Na ningekuwa na bima kubwa?

Faruk: Kampuni yako ingekutengenezea, wewe ukabeba ile ekses, yaani fungu lako la gharama, kisha wao wangemfuata tajiri kwa jina lako. Sasa wamfuata mwenyewe.

Hamid: Polisi wamtie ndani mpaka alipe. Kwani kuna lingine?

Faruk: Polisi hawakusanyi madeni, Hamid. Wakimpeleka kortini kwa kuendesha bila bima akapigwa faini, pesa yaenda serikalini, Salma haoni hata ndururu. Ila akipatikana na hatia ya kuendesha ovyo, rekodi ile yatufaa kwenye madai yetu. Salma, stesheni ulifika?

Salma: Nilifika jana ile ile, namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, ninayo. Abstrakti, ile ripoti yao ya ajali, nimeambiwa Jumatatu.

Faruk: Vizuri. Ajali huripotiwa ndani ya saa 24. Ukichukua abstrakti isome hapo hapo kaunta kabla hujatoka: namba ya tuktuk, jina la dereva, na pale pa bima paandikwe wazi kwamba haikuwepo. Pasiachwe patupu.

Ma'mkubwa Zuhura: Samahanini nawakata. Aliyeagiza mahamri hamsini ya kesho ni nani? Pesa sijaona. Hapa mwadai watu wa tuktuk na mimi mwanidhulumu.

Hamid: Ni mimi Ma'mkubwa natuma 🙏

Ami Twalib: Faruk, nimekusikia. Lakini tajiri huyo namjua, twaswali msikiti mmoja. Korti ni miaka, na ujirani huharibika. Niachieni nikazungumze naye baada ya Magharibi.

Faruk: Nenda Ami, mimi sipingi. Mkielewana ndio bora. Ila kuna Mahakama ya Madai Madogo siku hizi, madai yasiyozidi milioni 1, na hasara ya gari imo. Si lazima uwe na wakili, Salma utajieleza kwa Kiswahili chako. Sheria yataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Haya, korti zetu mwazijua, huenda ikavuka, lakini si miaka. Hilo tajiri alijue mapema, litamlainisha.

Salma: Na nimshtaki nani, kijana au tajiri?

Faruk: Wote wawili. Kijana ndiye aliyegonga, na alikuwa katika kazi ya tajiri. Ingia eCitizen, ile tovuti ya serikali, huduma za NTSA wanaosajili magari, uombe rekodi ya namba ile. Aliyeandikwa kwenye logibuku ndiye sheria yamhesabu mwenye chombo mpaka ithibitike vingine. Ukikuta na jina la kampuni ya mkopo usishtuke, wao wamejiandika kulinda pesa zao. Ila ujue, tuktuk ya mkopo hata ukishinda si rahisi kuikamata, wenye mkopo watakuja na pingamizi. Ndio maana nasema maelewano ya Ami yana faida yake.

Salma: Kesho nampa fundi aanze, sina gari la kupelekea keki. Leo nimelipa tuktuk mpaka Casuarina, hebu fikirini.

Faruk: Fundi asiguse! Asesa, yule mkadiria hasara, aione kwanza ikiwa imebonyea vivyo hivyo, apige picha, aandike ripoti. Ada yake nayo tutaidai. Watu husema lazima uwe umeshalipa fundi ndipo udai. Mahakama ya Rufani ililimaliza hilo mwaka 2010: onyesha uharibifu na gharama ya kurudisha gari lilivyokuwa, yatosha. Na nauli zako lipa kwa M-Pesa, zibaki na ushahidi.

(saa 2:10 usiku)

Ami Twalib: Nimetoka kwake. Amekiri kijana alikosea. Asema atatoa 5,000 kila mwezi. Ametoa na karatasi, Salma atie sahihi.

Ami Twalib: [picha]

Salma: "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeridhika na sina madai yoyote tena..." Mbona 5,000 haimo humu?

Hamid: MJANJA HUYO

Faruk: Usitie sahihi. Karatasi hiyo ukishaiweka mkono, akikataa mwezi wa pili huna pa kushika. Hiyo huandikwa siku ya mwisho, shilingi ya mwisho ikiingia.

Ami Twalib: Mimi miwani sikuwa nayo. Basi iandikwe vipi?

Faruk: Fupi tu. Tarehe na mahali pa ajali, kwamba dereva wake aligonga kwa nyuma naye akubali kulipa. Jumla: ngojeni ripoti ya asesa, kisha ongezeni ada yake na hospitali. Tarehe za kulipa, na kwamba akiruka mwezi mmoja salio lote ladaiwa mara moja. Namba za vitambulisho, sahihi, mashahidi wawili.

Faruk: Na 5,000 ni kidogo mno. Hata hiyo 68,000 ya fundi pekee ni miezi 14. Mwombeni kianzio kikubwa. Muda wa kufungua kesi ya hasara kama hii ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na wako watu hulipa kidogo kidogo mpaka ukasahau kuhesabu.

Salma: Mimi nataka 20,000 mwanzo, halafu 10,000 kila mwezi. Akikataa, nangoja abstrakti, Faruk aniandikie barua ya madai, tukutane kortini.

Ma'mkubwa Zuhura: Sawa sawa mwanangu. Na shingo ikizidi rudi hospitali, usijikaze.

Ami Twalib: Nimempigia. Amenung'unika sana, lakini amekubali kuandikiana upya ripoti ikitoka. 20,000 asema ataniletea mkononi msikitini.

Faruk: Mkononi hapana, Ami. Aitume M-Pesa kwa namba ya Salma.

Ami Twalib: Haya, namwambia.