Mbwa kazaa kipupwe hiki Newala, watoto wawili wameshakufa. Nifanyeje?

Mzawa_wa_Mlimani:
Wakuu, habari za usiku. Niko Newala. Mbwa wangu wa kienyeji, uzao wake wa kwanza, kazaa watoto sita usiku wa kuamkia Jumatano. Anayeijua Newala ya mwezi wa saba hahitaji maelezo: ukungu mpaka jua limepanda, upepo unakuja juu kutoka bonde la Ruvuma, na banda nililigonga mwenyewe kwa mabanzi, nyufa tupu. Jana alfajiri nikakuta wawili wamekauka. Leo mwingine kapoa, halii, hanyonyi, mama yake anamsukuma pembeni.

Nimemnywesha maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano, yamemtoka puani. Ndani siwezi kuwaingiza. Mzee ni mtu wa swala, mbwa hapiti mlangoni kwake na sitaki kumkosea. Nafikiria niwawekee jiko la mkaa bandani nifunge mlango. Naombeni ushauri wa haraka.

Feni_ya_Shangani:
Baridi? Sisi huku Mtwara mjini tunalala na feni 😂 Pole lakini mkuu.

BwanaMifugo_Mstaafu:
Hilo jiko usithubutu. Mkaa kwenye banda lililofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, asubuhi utazika wote na mama yao.

Na maziwa acha kwanza. Kitoto kilichopoa hakinyweshwi: tumbo limesimama, halisagi, nguvu ya kumeza hakina, maziwa yanaishia mapafuni. Kipashe joto kabla ya chochote. Wiki mbili za mwanzo hawa hawajiwezi kwa joto, hata kutetemeka hawajui, wanaishi kwa mwili wa mama na wa ndugu zao. Walikuwa sita, sasa wanne, kwa hiyo hata joto la kugawana limepungua.

Mweke kifuani chini ya shati, ngozi kwa ngozi. Polepole, hata ikichukua saa mbili. Usimkaribishe motoni. Waliobaki wawekee chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga kuukuu, upande mmoja tu wa banda, ili anayezidiwa na joto apate pa kusogea. Akianza kuhangaika kutafuta, mpeleke kwenye chuchu za nyuma, ndizo zenye maziwa zaidi. Mama kamsukuma kwa sababu ni wa baridi. Akipata joto mara nyingi humpokea.

Mzawa_wa_Mlimani:
Nimeshamweka kifuani. Nimewatandikia mfuko uliokuwa na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nimeukung'uta vizuri. Kuna shida?

Kitangari_Korosho:
Ndugu yangu, utoe sasa hivi! Wewe mtu mzima ukipuliza mikorosho macho yanakuwasha kutwa, sembuse kitoto cha siku tatu? Tafuta gunia la katani, ndani jaza nyasi kavu, zikilowa mkojo badilisha. Banda liinue juu ya matofali, unyevu wa ardhi unaua kuliko upepo. Upande wa kusini ziba kwa turubai, mlango ugeuze kaskazini, juu acha upenyo wa hewa. Na mtu asikushauri kukoka maganda ya korosho karibu yao, ule moshi unajua mwenyewe.

Dereva_Masasi:
Nje ya mada kidogo: wenye paka na magari, msimu huu gongeni boneti kabla ya kuwasha. Wanaingia kwenye injini kufuata joto. Wangu mimi nilimkosakosa.

BintiLindi:
Kuhusu mzee, usiombe nyumba, omba stoo ya nje au jiko la uani. Baba yangu naye alikuwa mkali hivyohivyo, ila mbwa wa kulinda shamba hakuwahi kumkataa. Mkumbushe nani anafukuza nguruwe pori kwenye muhogo wake.

Mzawa_wa_Mlimani:
Saa tisa usiku. Kimelia! Kimenyonya chuchu ya nyuma kama alivyosema Bwana Mifugo, mama kakilamba. Kelele zimemwamsha mzee, kaniuliza nimeficha nini kifuani. Hakunijibu kitu nilipomweleza. Karudi na turubai lake la kuanikia korosho, kasema nilirudishe kabla ya msimu, na likiwa safi.