Mateso yana maana, au tunajifariji tu?

Dada wa Nkuhungu: Mbukwenyi wanajukwaa. Jumamosi nilikuwa msibani Chamwino. Binti wa miaka 19 kafariki kwa uzazi, kaacha kichanga. Mhubiri akasimama: Mungu hampi mja mzigo asiouweza. Bibi wa marehemu alikuwa mkekani anakunja na kukunjua pindo la khanga. Amina hakuitikia. Tujadili bila matusi: mateso yana maana?

Fundi Area C: Yanayo. Soma Ayubu. Alipoteza vyote, akarudishiwa maradufu.

Mjukuu wa Kongwa: Kasome tena, fundi. Maradufu ni mifugo. Watoto alizaa kumi wengine, wale wa kwanza hawakufufuka. Na marafiki waliokuja kumweleza sababu ya mateso yake ndio Mungu aliowakasirikia. Bibi yangu aliugua vikope hadi kope zikageukia ndani, kila akipepesa zinakwangua jicho. Nilikuwa namng'oa kope hizo kwa kibano asubuhi kabla ya shule, kichwa chake mapajani kwangu. Ugonjwa wa mikono michafu, vitambaa na nzi, na maji ya kunawa hatuna. Maana yake ni bomba, basi.

Fundi Area C: Unanifundisha Biblia? Mimi mzee wa kanisa mwaka wa nane huu.

Mjukuu wa Kongwa: Miaka minane na sura ya 42 hujafika?

Zabibu Kavu: 😂😂 Wagogo mateso mmeyazoea bwana. Mtu anakula ugali wa uwele na mlenda mwaka mzima na bado anacheka.

Mzee wa Hombolo: Kijana, hakuna aliyezoea. Waulize wazee habari za Mtunya, njaa ile kubwa ya Ugogo. Vita ya kwanza ile, Wajerumani walibeba ng'ombe, nafaka na vijana wa kupagaza. Waingereza wakaingia 1916, nao wakabeba. Mvua ikakataa, watu wakaisha. Leo ukiuliza unaambiwa "ukame". Ukisema tumezoea, unamsafisha aliyebeba.

Zabibu Kavu: Shikamoo mzee. Nilikuwa natania mlenda tu.

Mama Chipukizi: Na huo mlenda umekula wapi wewe? Mkavu, uliopondwa ukaungwa karanga, hata mkweo unampa. Umekula wa hotelini ule wa maji maji, unakuja kututukana.

Fundi Area C: Mada imekufa. Mara wakoloni, mara mlenda. Na Mjukuu hajaniomba radhi.

Mjukuu wa Kongwa: Wala sikuombi.

Dada wa Nkuhungu: Jana nimerudi Chamwino na kopo la maziwa ya kichanga. Bibi akauliza linakaa siku ngapi. Nikamwambia nne, tano ukibana. Akanyamaza, nikaona vidole vinahesabu.

Mzee wa Hombolo: Mwanangu, nielekeze nyumba ilipo. Nina mbuzi wa maziwa.

Zabibu Kavu: Mama Chipukizi, huo mkavu unapatikana Majengo?