Timu inadaiwa, muekezaji anataka klabu pamoja na jengo letu: tumpe au tusimpe?

Vikokotoni Kwetu

Assalaam alaykum wanachama na washabiki wote, wa mjini, wa shamba na mlioko Pemba. Jina la klabu sitolitaja hapa mana mazungumzo bado yanaendelea, lakini wenyewe tunajijua. Hali ndo hii: timu inadaiwa, wachezaji hawajalipwa tangu mzunguko wa kwanza, kocha kaondoka kimya kimya, na sasa kaja mfanyabiashara wa mahoteli kutoka nje anasema atalipa madeni yote, ataleta kocha, basi jipya na mishahara ya kila mwezi. Anachotaka yeye ni 70% ya klabu pamoja na jengo letu la Mji Mkongwe. Uongozi umeshaita mkutano tupige kura ya ndio au hapana, na ukiuliza tunadaiwa kiasi gani hasa unaambiwa utajua huko huko mkutanoni.

Msimamo wangu nautoa mwanzo ili tusizungushane. Muekezaji aje, sina ugomvi nae, lakini jengo lisiingie kwenye mkataba hata chumba kimoja, na kura isipigwe mpaka daftari la madeni liwekwe mezani wiki moja kabla tulisome sote.

Kwanini nang'ang'ania jengo? Tizameni waliotutangulia. Kule Uingereza kuna timu inaitwa Bury, imeundwa 1885, imechukua Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Disemba 2018 ikauzwa kwa pauni moja, narudia pauni moja, kwa mtu alieahidi kuiokoa. Msimu ule ule timu ikapanda daraja na wachezaji hawajalipwa! Agosti 2019 ikafukuzwa kwenye ligi baada ya kuwemo tangu 1894. Siku za mwisho washabiki walikwenda uwanjani kwao Gigg Lane kufuta viti na kusafisha wakiamini mechi itachezwa, na haikuchezwa. Na uwanja wenyewe mmiliki wa kabla alikuwa ameshauweka rehani, kwahiyo hata waliotaka kuiokoa timu walikuta deni limekaa juu ya majani.

Sheffield Wednesday nayo, timu ya 1867, uwanja wao wa Hillsborough uliuzwa kwa pauni milioni 60 kwa kampuni ya mmiliki wao wenyewe ili hesabu za klabu zionekane nzuri. Mwaka 2025 mishahara ikachelewa mara kadhaa, Oktoba timu ikawekwa chini ya wasimamizi wa kufilisi, ikakatwa pointi 12. Klabu ikawa kitu kimoja na uwanja kitu chengine. Sisi uwanja hatuna, tunacheza Amaan na Mao kama wenzetu, ila jengo tunalo na kila mtu anajua jengo la Mji Mkongwe lina thamani gani kwa mtu wa mahoteli, mji upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, hakuna wa kujenga mwengine. Mie nauliza kwa nia safi kabisa, huyu bwana kaja kutafuta timu au kaja kutafuta mlango wa kuingilia Mji Mkongwe?

Semeni na nyinyi.

Fundi Njumu

Kaka Vikokotoni nakuheshimu lakini mie nimeivaa jezi ile na nakwambia wazi, unazungumza jengo, mwenzio anazungumza chakula. Kijana anafanya mazoezi alfajiri anakwenda kubeba mizigo Malindi bandarini jioni anarudi mazoezini, mechi ya Gombani kule Pemba anapanda boti na posho hajapewa, akishuka Chake anaulizia nani ana jamaa huku tukale. Halafu tunamlaumu kafungwa.

Mabingwa wa ligi yetu si mnawajua, Mafunzo 2015, Zimamoto 2016, JKU ikachukua, KMKM ikachukua tena na tena. Zote timu za vikosi vya serikali. Si kwamba wao wanajua mpira kuliko sisi, wao wana ajira, kijana akisajiliwa anajua mwisho wa mwezi kuna mshahara na akiumia kuna pa kutibiwa. Sisi wa uraiani tunalea mtoto tangu anacheza chandimu, akishapea tu anakwenda kikosini na mie simlaumu, ningekuwa na umri wake ningekwenda. Mlandege ndo timu ya uraiani iliyoonesha kwamba inawezekana, wakachukua ligi 2020, Kombe la Mapinduzi wakachukua 2023, na 2024 wakachukua tena, wakampiga Simba 1-0 kwenye fainali pale pale Amaan. Lakini lazima pesa iwepo, haiji kwa nyimbo za maskani.

Kwahiyo mie kura yangu ndio. Jengo lenyewe linavuja, mvua za masika zikija ni mabeseni na ndoo. Mpeni alitengeneze, vijana wapate kula.

Mwana wa Wete

Yakhe nimesoma hapo juu nikaona niseme la Pemba mana kila likija jambo la klabu tunaulizwa mwisho. Mkataba wenu umeandika timu itakaa wapi na itaitwa nani? Mana sisi tumeona Bara, Ihefu ilikuwa timu ya watu wa Mbarali kule Mbeya, wenyewe wanaipenda, ikamfunga Yanga na nchi nzima ikaijua, akaja mwenye pesa na mwaka 2024 timu ipo Singida inaitwa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali hawakufanya kosa lolote, hawakushuka daraja, wameamka tu timu haipo kwao. Na Waingereza walifanyiwa hivo hivo, Wimbledon waliochukua Kombe la FA 1988 walihamishwa wakapelekwa mji mwengine kabisa Milton Keynes, washabiki ikabidi 2002 waunde timu yao nyengine waanze chini kabisa na jina la zamani.

Sasa huyu wenu ana 70%, kesho akisema jina libadilike liwe la hoteli yake, nani atamzuia kwa hiyo 30% iliyobaki? Na msijidanganye na ile ya Bara ya wanachama 51% muekezaji 49%, ile waliyokwenda nayo Simba na tajiri wao Mo Dewji kwa shilingi bilioni 20. Hiyo ni kanuni ya Bara. Michezo si jambo la Muungano, kwetu ni Baraza la Michezo la Zanzibar na ZFF, shirikisho letu la mpira, kwahiyo ulinzi wenu ni mtakachokiandika wenyewe kwenye katiba ya klabu. Jina, rangi na makao yaandikwe kwamba hayabadiliki mpaka thuluthi mbili ya wanachama wakubali. Kama hataki kutia saini hapo basi mumeshamjua.

Na huku Pemba hakuna hata anaekuja kutaka 10%. Timu zinakufa hivi hivi watu wanatizama. Tunasema na hilo mlikumbuke mnapoona uzito wa kuchagua.

Binti Kisiwandui

Jamani mie nina swali moja tu na nimelisubiri mtu aliulize hakuliuliza. Chini ya jengo pana fremu za maduka. Zimekodishwa. Wauza vinyago na vitambaa vya watalii wamo mule miaka na miaka, na wanalipa kodi, mmoja ni jirani yangu na ananionesha risiti zake. Kodi ile inaingia akaunti gani? Mana kwenye ripoti ya mwisho tuliyosomewa mapato yalikuwa viingilio, michango na fedha za udhamini wa ligi, fremu hazikutajwa hata kwa jina.

Kaka Fundi, uchungu wako wa wachezaji ninao na mie, lakini kabla hatujasema klabu haina pesa tujue kwanza pesa yake ilipo. Haiwezekani mtu auze nyumba kwa sababu ya njaa na ndani ya nyumba hiyo hiyo mna mpangaji analipa kila mwezi.

La pili, kuna njia ya tatu ambayo haizungumzwi. Portsmouth walichukua Kombe la FA 2008, 2010 wakafilisika wakiwa Ligi Kuu, wakashuka mpaka daraja la nne. 2013 washabiki wenyewe wakakusanyana wakainunua timu, hisa moja pauni 1,000, wengine walichanga watu kadhaa hisa moja. Wakalipa madeni, 2017 wakapanda, ndo hapo wakapiga kura ya kumuuzia Michael Eisner, aliekuwa mkubwa wa Disney. Waliuza wakiwa wamesimama wima, hawakuuza wakiwa wamepiga magoti, na bei na masharti yakawa mengine. Sisi hatuna pauni 1,000 kila mtu, najua, lakini wanachama tupo Unguja, Pemba, Dar, Muscat, Dubai na London, mchango wa kila mwezi kwa simu na jina la kila aliechanga libandikwe mlangoni.

Fundi Njumu

Dada hilo la fremu nakubali liulizwe, na liulizwe kwa sauti. Lakini michango hapana, tumechanga sana. Tulichanga jezi, tukachanga nauli, tukachanga matibabu ya beki wetu alievunjika mguu. Watu wanachanga mwezi wa kwanza wanapiga picha, mwezi wa tatu simu hazipokelewi. Na washabiki wetu hao hao mlangoni Amaan wanataka kupita bure kwa kujuana. Portsmouth uwanja wao unajaa watu elfu kumi na tano na zaidi, na wengi wamelipa tiketi za msimu, sisi mechi ya ligi ya kawaida mnajua tunakuwa wangapi kwenye jukwaa. Msilinganishe.

Vikokotoni Kwetu

Fundi, mechi hatujai ni kweli na mie linaniuma. Lakini sikubali kwamba kwa hivo hatuna haki ya kuweka masharti. Angalia vizuri anacholipa huyu bwana: analipa madeni ambayo hatuyajui, mara moja, halafu anachukua jengo ambalo lingetulipa maisha. Ukiipiga hesabu hata kwa vidole unaona jengo ndo biashara na timu ni nyongeza. Tuseme hotelini mambo yakamuendea vibaya, tulishaona corona 2020 mahoteli yakifungwa na wafanyakazi kurudishwa majumbani, atakata nini mwanzo, mishahara ya hoteli au mishahara ya wachezaji? Na siku hiyo jengo tumeshatoa, hatuna hata pa kuweka kikombe wala pa kukaa kikao.

Na mtu asije akanambia mgeni hamiliki ardhi Zanzibar, ardhi ni ya umma na yeye hukodishwa tu. Najua. Lakini ukodi wa miaka mingi kwangu mie na kwa watoto wangu ni sawa na kuuza.

Pendekezo langu kwa ajili ya vijana, na nalisema kwa moyo wote: kodi ya fremu kuanzia mwezi ujao iingie akaunti moja, isiguswe kwa kitu chochote isipokuwa mishahara na posho za safari za Pemba. Muekezaji tumpe timu aiendeshe kwa mkataba wa misimu, tuseme mitatu, apate jezi, apate matangazo, apate fedha za mauzo ya wachezaji kwa makubaliano. Akifanya vizuri tunazungumza hisa. Kama kweli mpira ndo uliomleta, hapo atafurahi.

Mzee wa Barza

Wanangu nimewasoma nyote, Mungu awabariki, mjadala mumeuendesha kwa adabu. Naongeza jambo ambalo vijana hamulijui. Hati ya jengo lile haikuandikwa kwa jina la klabu peke yake, imeandikwa kwa majina ya wadhamini, watu waliochaguliwa enzi zile timu ya Malindi na wenzake wanatikisa Afrika Mashariki, kabla hata Malindi haijafika nusu fainali ya Kombe la CAF 1995. Wadhamini wale wengi wao wameshatangulia mbele ya haki na mkutano wa kuchagua wengine haujafanyika. Sasa mtu anaponambia uongozi utatia saini kuhamisha jengo mie nauliza unatia saini kwa kalamu ya nani? Warithi wa marehemu wakija kudai itakuwaje? Klabu moja ya jirani iliwahi kuingia mahakamani kwa jambo kama hili na kesi ilikula pesa nyingi kuliko timu.

Kuna waliokuja kwangu wanasema tuliweke jengo wakfu ili lisiuzwe milele. Nia nzuri, lakini wakfu haufanywi kwa hasira ya wiki mbili, una masharti yake, na ukishauweka umeuweka, nendeni Kamisheni ya Wakfu mukaulize kwanza kama jambo la klabu ya mpira linakubalika. La haraka ni wadhamini wapya. Mchague watu watano wasiokuwa kwenye uongozi, na mmoja awe wa Pemba.

Binti Kisiwandui

Mzee shikamoo na ahsante sana. Kumbe basi hata kura yenyewe ikipita ndio, haina mashiko. Na uongozi unajua!

Mwana wa Wete

Mmoja wa Pemba nimeliona hilo mzee. Likiandikwa nitakuja na boti ya asubuhi na wenzangu.

Fundi Njumu

Mie msimamo wangu wa muekezaji uko pale pale, sijatoka. Lakini bila ya wadhamini siwezi kunyoosha mkono, mana kesi ikija watakaokosa mshahara ni vijana wale wale. Tangulizeni wadhamini na kodi ya fremu, halafu huyo bwana aitwe ajibu mwenyewe mbele yetu, si kwa kupitia katibu.

Vikokotoni Kwetu

Basi barua naandika leo usiku. Inataka ajenda ibadilishwe: kwanza wadhamini wapya, pili hesabu ya fremu na daftari la madeni, kura ya muekezaji isogezwe mbele mpaka hayo mawili yamalizike. Fundi nakuomba utie saini ya mwanzo kama mchezaji wa zamani, wachezaji watakusikiliza wewe kuliko mie. Wenye kadi hai mnikute Darajani kesho baada ya Laasiri, walioko Pemba watume majina kwa Mwana wa Wete.