Koti la rubani wa Vita vya Pili: A-2, G-1 au Irvin? Nina pauni 600

Mtemi_wa_Leeds
Wakuu, habari za humu. Nipo Leeds mwaka wa tatu, kazi ghalani, naenda na kurudi kwa baiskeli. Tangu nikiwa kijana Tabora natamani koti la ngozi la marubani wa Vita vya Pili vya Dunia, na sasa nimedunduliza pauni 600. La asili silitaki, ngozi ya miaka themanini ukiinua mkono inaachia kwapani. Nataka nakala nzuri. Nimebaki na matatu: A-2 ya jeshi la anga la Marekani, ile yenye kola kama ya shati, G-1 ya wanamaji wao, ngozi ya mbuzi na kola ya manyoya, na Irvin ya Waingereza, ya kondoo, manyoya ndani. Moyo uko kwa Irvin maana ni ya huku huku. Mliowahi kuvaa, semeni ukweli.

BaridiYaMinnesota
Irvin isahau, mkuu. Mimi nina ndugu yake, B-3 ya Wamarekani, kondoo vilevile. Naishi Minneapolis, baridi ya Januari hapa si ya kusimuliwa, na bado nikitembea dakika kumi jasho linanitiririka mgongoni. Makoti haya yalishonewa mtu aliyekaa kitako ndani ya B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani, futi 25,000 juu, dirisha la mpiga bunduki liko wazi, nyuzi 40 chini ya sifuri. Wewe unakanyaga baiskeli kwenye manyunyu. Kondoo akilowa anakuwa gunia la mihogo, na kukauka kwake ni siku kadhaa. Halafu Irvin ya vitani haina mfuko wa nje hata mmoja, funguo utaziweka wapi?

Na hiyo ya "huku huku" ni nusu tu. Leslie Irvin alikuwa Mmarekani, mtu wa miamvuli ya kurukia, akaja kufungua kiwanda Letchworth miaka ya 1920.

FundiGikomba
Boss, mimi niko Nairobi, kazi yangu ni kufungua na kushona upya makoti ya ngozi ya mtumba. Watu wanaanza na ngozi gani, zipu gani. Anza na umbo.

A-2 ya 1942 inaishia kiunoni, pale mkanda wa suruali ulipo. Mikono myembamba, kwapa liko juu. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni pana kama koti la mlinzi. Hata ile ambayo Marekani ilianza kuwagawia tena marubani wake 1988 ni pana kuliko ya vitani, usidanganywe na neno "ya jeshi kweli". Chukua koti lako linalokukaa, lilaze mezani, pima kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, na mgongo kuanzia chini ya kola hadi mwisho wa ule ukanda wa sufu wa kiunoni. Mwenye kifua cha inchi 40 atahitaji kama 22 kwapa hadi kwapa, na mgongo kama 24. Muuzaji akikuandikia M au L bila vipimo, pita.

Sasa baiskeli. Mgongo wa A-2 ni kipande kimoja. Ukiinama kushika usukani koti linapanda na kiuno kinabaki nje kwenye upepo. G-1 ina mikunjo miwili nyuma ya mabega inayofunguka ukinyoosha mikono. Kwako wewe hiyo peke yake inamaliza mjadala. Na ngozi ya mbuzi ni laini siku ya kwanza, nyepesi, haichaniki ovyo. A-2 nyingi za vitani zilikuwa za farasi: nzuri sana ikishakuzoea, lakini mwezi wa kwanza unatembea kama umevaa mlango.

BaridiYaMinnesota
Sahihisho dogo kwa wapenda historia: vitani hakukuwa na jina G-1. Koti la wanamaji liliitwa M-422A, jina la G-1 likaja 1947. Ukitaka nakala ya vitani hasa, tafuta kwa jina hilo la zamani. A-2 nayo ilipitishwa 1931, na 1943 Jenerali Arnold, mkuu wa jeshi la anga la Marekani, akasimamisha oda mpya, wakahamia makoti ya kitambaa. Marubani wenye za ngozi wakazing'ang'ania.

BintiMwera_Muscat
Assalaam alaykum. Samahani naingilia, namtafutia mume wangu zawadi. Ngozi ya farasi ina tatizo lolote kidini? Na nimesikia kuna za nguruwe, kibandiko kinasema "ngozi halisi" tu.

OldTown_Msa
Wa alaykum salaam, dada. Sisi Mashafii, ngozi ikitiwa dibaghi, yaani ikishatengenezwa kwa dawa za ngozi, imetwaharika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Farasi na mbuzi hakuna shaka. Nguruwe utamjua kwa vinyweleo, vitobo vinakaa vitatu vitatu. Angalia na bitana ya mifuko, huko ndiko wanakoficha.

Ubungo_Mataa
Kwa pauni 600 makoti ya Eastman na Aero, watengenezaji wa Uingereza, utayasikia tu, labda mtumba wao. Za Wajapani, Buzz Rickson's na The Real McCoy's, ndiyo usiseme. Lililobaki ni mafundi wa Sialkot, Pakistan, wanaokushonea kwa vipimo vyako kwa chini ya nusu ya bei hizo. Wapo wazuri na wapo wahuni. Mimi nilitumiwa koti zuri, mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia kwa inchi nzima. Omba picha ya koti lako likiwa na futi juu yake kabla halijafungwa. Na kodi ya Uingereza, asilimia 20, iweke kwenye hesabu tangu sasa, na uulize kama kuna ushuru wa forodha juu yake.

Lingine: ukija nalo likizo, nembo za kijeshi zitoe. Sheria hapa hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, nawe hutaki kumfafanulia askari habari za 1942 pale mataa. Na Dar usilifunike kwa plastiki, litaota ukungu. Litundike penye hewa, henga nene.

Mtemi_wa_Leeds
Mmenivunja moyo wa Irvin, ahsanteni. Nimeandikia fundi wa Sialkot, M-422A ya mbuzi, kahawia iliyokolea, bila nembo. Kwapa hadi kwapa 22, mgongo 24 na nusu. FundiGikomba, mkono nipime kuanzia begani au katikati ya mgongo? Anataka vyote viwili.

FundiGikomba
Mpe vyote, lakini upimwe ukiwa umekunja kiwiko kama umeshika usukani. Ukipima mkono ukining'inia, koti litakuja fupi. Kisha ongeza nusu inchi.