Naomba ushauri: nadaiwa ada ya leseni kwa kanuni isiyo na namba ya Gazeti la Serikali

Wadau, nina kibanda cha kusaga na kupakia siagi ya karanga huku Kariobangi, Nairobi. Juzi maafisa wa taasisi fulani ya serikali walibandika ilani mlangoni: nilipe ada mpya ya leseni ndani ya siku saba, la sivyo wafunge. Nilipoomba kanuni yenyewe nikaonyeshwa nakala isiyo na tarehe wala namba ya tangazo la Gazeti la Serikali. Muhuri tu, tena umefifia.

Ninavyojua, tangu sheria ya 2013 inayosimamia utungaji wa kanuni (Statutory Instruments Act), kanuni ikishachapishwa lazima ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo inabatilika. Kifungu cha 47 cha Katiba nacho kinanipa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Lakini mwambie hayo afisa aliyeshika kufuli!

Nianze na barua ya kudai sababu, au niende moja kwa moja kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za serikali? Mahakama Kuu naiogopa kwa gharama, na huwa inauliza kwanza kama ulikata rufaa ndani ya taasisi. Na je, nikilipa huku nikiandika kwamba napinga, nitahesabiwa nimekubali?